Mbwa Anayeburura Miguu ya Nyuma: Akandwe, au Apelekwe Wapi?



Kwa muda sasa kuna swali moja ambalo limekuwa likiletwa na wanachama wetu wanaofanya kazi katika nyumba za wageni kule Diani, yaani walinzi, watunza bustani na kina mama wa jikoni. Wanasema mwajiri akiona mbwa wake anachechemea, au anashindwa kupanda ngazi za baraza, husema kwamba kwao Ulaya mbwa wa namna hiyo angepelekwa kwa mtaalamu wa kunyoosha mgongo. Kisha huuliza kama huku mtu kama huyo hapatikani. Mwanachama mmoja aliuliza bila kuzunguka: "Mzee wetu anayekanda watu walioteguka, si anaweza kumkanda na mbwa, naye akapata chochote?"

Wengine walicheka, lakini swali hili si la kuchekwa. Kazi ni kazi, na mbwa ni mali ya mtu. Hata huku kwetu mbali na bahari, Lukore, Mivumoni na kule Mkongani, mbwa ndiye analala shambani wakati wa mahindi na kuwafukuza nyani na nguruwe mwitu wanaotoka msituni. Mbwa akiharibika mgongo, kuna mtoto atakayekosa shule ili alinde mahindi. Kwa hiyo tulijibu swali kwa kuuliza wanaojua, na tukakuta kwamba ndani yake mna jambo kubwa kuliko mgongo. Jambo hilo linahusu uhai wa watu. Tutalifikia, lakini kwanza tujibu lile tuliloulizwa.

Tiba yenyewe ni ipi?

Inaitwa kairopraktiki. Ilianzia Marekani mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Mwanzilishi wake, Daniel David Palmer, hakuwa daktari wa hospitali. Alikuwa mponyaji aliyeamini kwamba pingili za uti wa mgongo zikikaa vibaya hubana mishipa ya fahamu, na kwamba karibu magonjwa yote yatoka huko. Mgonjwa wake wa kwanza anayetajwa ni Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi aliyekuwa na shida ya kusikia. Palmer alimsukuma pingili ya mgongo, na ikasemwa kwamba masikio yakafunguka.

Madai hayo kwamba mgongo ndio mzizi wa kila ugonjwa hayajathibitika hadi leo. Hata wengi wa wenye kazi hiyo wameyapunguza, wakabaki na maumivu ya mgongo, shingo na kiuno. Kwa wanyama, tiba hii ilianza kupangwa vizuri huko Marekani katika miaka ya 1980. Hapo daktari wa mifugo aitwaye Sharon Willoughby, ambaye alikuwa amesomea pia kairopraktiki, alianza kuwafundisha wenzake. Chama chao cha kairopraktiki ya wanyama kiliundwa mwaka 1989. Wengi wa wagonjwa ni farasi na mbwa.

Kazi hufanywa hivi. Mtaalamu humtazama mbwa akitembea, akisimama na akiketi. Kisha hupapasa mgongo pingili moja baada ya nyingine. Mbwa ana pingili 7 za shingo kama sisi, lakini za kifua ni 13 ambapo zetu ni 12, na za kiuno ni 7 ambapo zetu ni 5. Akiona kiungo hakichezi sawasawa, hukisukuma kwa mkono kwa msukumo mfupi na wa haraka. Hakuna mafuta wala dawa, na hakuna kuvuta mguu kwa nguvu.

Je, inasaidia? Hapa tuseme ukweli bila kumpendelea mtu. Utafiti uliofanywa kwa mbwa ni mchache na ni mdogo mdogo. Uliofanywa kwa farasi ni mwingi zaidi kidogo, lakini nao hautoshi. Wapo wenye mbwa wanaosema mnyama wao alitembea vizuri baada ya kusukumwa. Lakini mbwa aliyestuka misuli hupona mwenyewe baada ya siku kadhaa za kupumzika, hata asipoguswa, na sifa humwendea aliyemgusa mwisho. Mimi naiona kama tiba ambayo pengine hupunguza maumivu kwa wengine, ikifanywa na mtu aliyesomea, kwa mbwa ambaye tayari imejulikana anaumwa nini.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kushika. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 2015 zinaruhusu tiba ya viungo kwa mnyama mgonjwa pale tu daktari wa mifugo anapokuwa amemchunguza kwanza na kuiagiza. Mwenye mikono hufuata nyuma ya mwenye kipimo. Sisi hapa Kenya tuna sheria ya mwaka 2011 inayohusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, nayo inataka kila anayetibu wanyama awe ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Kwa hiyo mzee wetu akianza kutoza pesa kutibu mbwa, atakuwa anavunja sheria hata kama nia yake ni njema.

Mgongo waweza kuwa na nini?

Mbwa akiburura miguu ya nyuma, macho yetu huona kitu kimoja, lakini sababu ziko nyingi, na kila moja ina tiba yake.

Siku hizi sababu ya kawaida ni barabara. Ukitembea toka Ukunda hadi Msambweni utaona jinsi bodaboda na matatu zinavyopita. Mbwa aliyegongwa huenda amevunjika nyonga au pingili ya mgongo. Ndani ya pingili hizo kuna kamba laini ya fahamu inayopeleka habari toka kichwani hadi miguuni. Mfupa uliovunjika una ncha kali. Ukimkanda mbwa huyo, au ukasukuma mgongo wake kwa msukumo wa haraka, ile ncha yaweza kuikata kamba. Mbwa ambaye angepona baada ya wiki sita atabaki hivyo maisha yake yote.

Sababu nyingine ni zile pete laini zilizo kati ya pingili, zinazofanya kazi kama mpira wa kuzuia mshindo. Kwa mbwa wa kizungu wenye mgongo mrefu na miguu mifupi, pete hizo hukauka mapema, kisha moja hupasuka na kuibana kamba. Hao ndio wengi katika zile nyumba za Diani. Mbwa huanza kwa kukunja mgongo kama upinde, anatetemeka, analia akinyanyuliwa. Kisha anayumba nyuma kama mlevi. Mwisho miguu haisikii hata ukimfinya kidole, na mkojo unatoka wenyewe. Akifikia hapo, saa ndizo zinazohesabiwa, wala si siku. Mwanachama unayefanya kazi huko, ukiona dalili hizi mpigie mwajiri simu siku hiyo hiyo, hata kama yuko safarini Ujerumani.

Mbwa wakubwa wa ulinzi wa jamii ya German Shepherd huzaliwa wengine na nyonga zisizokaa vizuri, na uzeeni huwauma sana. Hao hawahitaji kusukumwa mgongo. Wanahitaji kupunguzwa unene na kutembezwa kidogo kidogo, pamoja na dawa ya maumivu kutoka kwa daktari.

Kuna tena watoto wa mbwa wanaolishwa ugali mtupu. Hapa naomba tusikasirikiane, najua ugali wenyewe hautoshi watoto wetu. Lakini mtoto wa mbwa asiyepata chokaa ya kutosha katika chakula huwa na mifupa laini, miguu hupinda, na mfupa waweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka barazani. Ukimchanganyia dagaa wadogo pamoja na mifupa yao, waliopondwa, utakuwa umemsaidia kuliko mkandaji yeyote. Na ukimpeleka kwa mkandaji kabla ya hapo, huenda akamvunja mfupa mkononi.

Kupe nao tusiwasahau. Wale wekundu wa mbwa, wanaojificha kwenye nyufa za ukuta wa udongo, hupitisha ugonjwa wa damu unaoleta homa, kukonda, kutoka damu puani na maumivu ya viungo. Mbwa huchechemea leo mguu huu, kesho ule. Tiba yake ni dawa ya daktari na kuua kupe.

Sasa lile jambo kubwa

Katika orodha ya sababu zinazolegeza miguu ya nyuma ya mbwa, mna moja inayoua watu. Ni kichaa cha mbwa.

Ukitaja kichaa, kila mtu humfikiria mbwa anayekimbia barabarani akitoa povu na kuuma kila kitu. Huyo yupo kweli. Lakini kuna kichaa cha aina ya pili, cha ukimya. Mbwa hakimbii wala haumi hovyo. Anajitenga na kulala chini ya kitanda au kichakani. Miguu ya nyuma inalegea, anayumba, anaiburura. Taya la chini linaning'inia, mate yanatiririka, hawezi kumeza hata maji. Sauti inabadilika, inakwaruza. Ukimtazama unamhurumia, unasema huyu amegongwa, au huyu amekwama mfupa kooni.

Basi mtu anafanyaje? Anamfungua mdomo, anaingiza mkono autoe ule mfupa. Mkono wenye mkwaruzo wa panga au jembe unaoga mate ya mbwa. Na mwingine yuko nyuma anamkanda kiuno. Mbwa mwenye maumivu hugeuka na kuuma hata kama hana taya la nguvu.

Nimeliona jambo hili katika kijiji kimoja upande wa Msambweni. Mbwa wa kijana mmoja alianza kuyumba, ikasemwa amepigwa na nyani. Mzee mmoja alimkanda kwa mafuta ya nazi siku mbili, na mama wa nyumba akamnywesha uji kwa mkono. Siku ya nne mbwa akafa. Afisa wa mifugo alipopata habari alikuja mbio, akaagiza wote waliogusa mate ya yule mbwa waende wakadungwe sindano, na walikuwa watu watano. Zahanati ya kwanza waliyoenda haikuwa na chanjo. Wanne walifika hospitali kubwa jioni ile ile. Mama alirudi nyumbani kwa kukosa nauli, na ilibidi wenzake wa kikundi wachange asubuhi yake ndipo akaenda. Wote wako hai. Lakini ile nauli ndiyo iliyonifanya niandike makala hii, maana ilikuwa pesa ndogo kuliko mchango wa wiki moja wa kikundi chake.

Tuelewane vizuri kuhusu ugonjwa wenyewe. Vijidudu vyake vimo katika mate. Vinaingia kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, jicho au mdomo. Kugusa manyoya makavu kwa ngozi nzima peke yake hakuambukizi, kwa hiyo watu wasitiane hofu bure. Mbwa huanza kuwa na vijidudu hivyo mateni siku chache kabla hajaonyesha dalili yoyote. Dalili zikianza, kwa kawaida hufa kabla ya siku 10 kwisha. Mtu aliyeambukizwa huenda asione lolote kwa mwezi mmoja hadi mitatu, pengine zaidi ya mwaka. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba. Si hospitali wala mganga atakayemrudisha. Lakini kabla ya dalili, chanjo humwokoa kwa uhakika ikianzwa mapema na kumalizwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua karibu watu 59,000 kila mwaka ulimwenguni, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba karibu kila kifo hutokana na mbwa. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, karibu 40 kwa kila 100 ni watoto walio chini ya miaka 15. Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi. Ni zaidi ya miaka mia moja, na bado unatuzika.

Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kuweka mkono mgongoni mwa mbwa anayeburura miguu, ajiulize: Kuna mtu aliyemwona akigongwa au akianguka? Amewahi kudungwa chanjo ya kichaa, na cheti kiko wapi? Anakula na kumeza? Taya limefunga? Tabia yake ni ile ile ya siku zote? Kama hakuna aliyeona ajali, au hamezi, au amekuwa mgeni kwa mwenyewe, basi usimguse. Mfungie mahali, zuia watoto, na mwite afisa wa mifugo wa wadi. Sheria yetu ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365, inamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa atoe habari. Akifa, usimzike kimyakimya, wala usikate kichwa mwenyewe. Afisa ndiye anayejua jinsi ya kuchukua kipimo.

Ukiumwa au mate yakiingia kidondani

Osha mahali hapo papo hapo kwa maji mengi na sabuni, kwa dakika 15 nzima. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani, hivyo tazama saa. Sabuni ya kipande ya kufulia yatosha, na kama pana dawa ya kuua vijidudu ya hospitali, paka baada ya kuosha. Usitie pilipili, mafuta ya taa, tumbaku wala majani ya chai. Lile jiwe jeusi la nyoka halifanyi kazi hapa. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kama ya karibu haina chanjo, uliza iliyo nayo na uendelee na safari.

Ratiba iliyozoeleka ni sindano siku ya kwanza, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28 tangu ile ya kwanza, ingawa daktari anaweza kukupa nyingine iliyo fupi. Kwa jeraha baya, hasa la kichwani, usoni au mikononi, kuna na dawa nyingine ya kinga inayodungwa pale kwenye jeraha penyewe. Wengi huacha baada ya sindano ya pili kwa sababu kidonda kimepona. Kidonda sicho kinachotibiwa, bwana!

Kama mbwa aliyekuuma yu hai na anajulikana, afungwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima, daktari anaweza kusimamisha sindano. Lakini usisubiri siku hizo ziishe ndipo uanze.

Niongeze neno moja kuhusu majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa Kwale. Katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa sana pwani, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo wengi wao tayari wana mazoea ya kujihadhari na mate ya mbwa, na hilo limewakinga. Tujifunze kutoka kwao. Ila ule udongo ni wa chombo. Kwenye jeraha udongo waweza kuleta pepopunda, kwa hivyo hapo ni maji na sabuni tu.

Na wazee wetu wa kukanda?

Nisieleweke vibaya. Wazee wanaounga mifupa kwa magango na kukanda walioteguka wana ujuzi walioupokea kwa wazazi wao, na wengi wetu tumepita mikononi mwao. Lakini mtu husema "hapo, hapo ndipo." Mbwa hasemi. Na mzee anayejua bega la mtu hajui nyonga ya mbwa ilivyokaa.

Nafasi yao ipo baada ya daktari. Mbwa aliyekwisha chunguzwa na kuambiwa anaweza kufanyishwa mazoezi huhitaji mtu mwenye subira na mikono mizuri. Daktari atamwonyesha: kukunja na kunyoosha mguu polepole bila kulazimisha, kusugua mapaja taratibu, kumtembeza akiwa amebebwa kiuno kwa leso iliyopitishwa chini ya tumbo. Sisi wa pwani tuna bahati nyingine. Maji ya bahari yaliyofika tumboni mwa mbwa humbeba, akaweza kutembeza miguu isiyoweza kubeba mwili. Chagua mahali pa mchanga pasipo na mawimbi, na uangalie mashuke-shuke yale meusi ya miba. Halafu umsuuze kwa maji baridi ya kisima, maana chumvi humwasha akajilamba hadi vidonda. Mwanachama anayeijua kazi hii vizuri, chini ya maagizo ya daktari, anaweza kweli kuajiriwa na wenye mbwa kule Diani. Hapo ndipo penye kile "chochote" alichouliza mwenzetu.

Akigongwa, tumbebeje?

Mbwa wa kawaida, mwenye chanjo, aliyeonekana akigongwa, asinyanyuliwe kwa miguu wala kukumbatiwa. Hata mbwa mpole huuma akiumia, kwa hiyo mfunge mdomo kwa kipande cha leso, isipokuwa kama anatapika au anapumua kwa shida. Tafuta ubao, mlango wa zamani au gunia lililokazwa na watu wawili. Msogeze juu yake taratibu, mgongo ukiwa umenyooka, kisha mfunge asiruke. Kumbeba katikati ya watu wawili kwenye bodaboda ni kumvunja mara ya pili. Afadhali mkokoteni.

Usimpe dawa za binadamu. Panadol huharibu ini na damu ya mbwa. Zile za maumivu kama ibuprofen na diclofenac hutoboa tumbo lake na kuua figo. Kumchoma mgongo kwa chuma cha moto, kama wengine wanavyofanya kwa ng'ombe, ni kumwongezea jeraha tu.

Daktari akisema apumzike, maana yake ni kufungiwa mahali padogo, kama banda la kuku lililosafishwa, kwa wiki nne au zaidi. Kutoka nje ni kwa ajili ya haja tu, akiwa kwenye kamba. Hii ndiyo tiba ambayo watu huidharau kwa sababu haina gharama. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa chache, alale juu ya magunia makavu, asije akatoka vidonda vya mifupani.

Kazi ya kikundi

Serikali ya Kenya ina mpango wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa, ulioanza mwaka 2014 na unaolenga mwaka 2030. Msingi wake ni kuchanja mbwa angalau 70 kati ya kila 100, kila mwaka. Wakifika idadi hiyo, ugonjwa hukosa pa kupita. Kuua mbwa kwa sumu hakusaidii, maana nafasi zao hujazwa upesi na wengine wasio na chanjo.

Sasa afisa mmoja wa wadi hawezi kujua mbwa wote walipo. Nyinyi mnajua. Katibu wa kikundi achukue daftari la kawaida, aandike kila boma: mbwa wangapi, wa rangi gani, na walichanjwa lini. Kazi hiyo ni ya Jumamosi mbili. Ukimpelekea afisa orodha ya mbwa 60 waliokaa mahali pamoja, una neno la kumwambia kuliko ukimwambia njoo kijijini kwetu. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi kampeni za chanjo hupangwa karibu na siku hiyo. Peleka orodha mwezi wa Julai, isiwe wiki ile ile.

Hali kadhalika, wekeni akiba kidogo ya nauli ya hospitali, kando na mzunguko wa kila mwezi, ambayo mweka hazina anaweza kuitoa hata usiku bila kungoja kikao. Irudishwe polepole.

Siku ya chanjo, kila mbwa aje na kamba yake na mtu mzima anayemjua. Watoto wasiachiwe kuwaleta watatu watatu, maana huko ndiko mapigano ya mbwa na kuumwa hutokea. Mwenye mbwa mkali amlete mapema kabla ya wengine au amwombe afisa aje bomani. Cheti ukipewa, kitie ndani ya karatasi ya nailoni, ukiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali ambapo panya hafiki.